Nilivyobusu Ubao wa Kompyuta Mbele ya Wakwe

Jamani, hii naisimulia mwenyewe kwa sababu pale Milanzi mnaisikia kwa watu wanaoiongezea chumvi, na aibu ni yangu, acheni niigawe mwenyewe.

Ilikuwa harusi ya rafiki yangu Deo, nami ndiye nilipewa neno la shukrani kwa upande wa bwana harusi (suti nimepiga pasi mara mbili), wageni wameshakaa, maharusi wako njiani, mara kompyuta kubwa ya kuonyesha video ikazima puu. Deo ananijua ni fundi, akapiga simu kutoka kwenye gari: "Mshikaji, usiniangushe."

Nikatuma bodaboda dukani alete vifaa, nikafungua mashine palepale mbele ya ukumbi. Sasa, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inakula umeme mwingi sana wa volti ndogo, kwa hiyo ubaoni kuna njia sita zinazopokezana kuilisha, kila njia na koili yake na swichi zake mbili, vidude vidogo vyeusi. Swichi moja ikipiga shoti, ukipima unakuta njia zote sita zina shoti, kwa maana mwisho wake zinaungana. Dawa yake unatoa prosesa, unapitisha umeme wa volti moja hivi, halafu unapaka spiriti: swichi mbovu hupata moto, kwa hiyo itakapokauka kwanza ndipo penye mkosaji.

Spiriti nimeisahau dukani. Kumrudisha bodaboda nikaona uvivu, nikajiambia mdomo unahisi joto kuliko kidole, basi nikainama, nikawa napitisha mdomo wa juu taratibu, swichi hadi swichi, macho nimefumba ili nisikie vizuri.

MC, kiumbe asiye na huruma, akashika maiki: "Ndugu wageni, fundi wetu anaaga kompyuta!"

Ukumbi ukacheka. Shangazi wa bibi harusi, aliyetoka Wampembe, akasogea kabisa.

"Mwanangu, unambusu nani?"

"Shikamoo shangazi, natafuta ya moto."

"Si ungeoa!"

Nikacheka, na katika kucheka mdomo ukatua wote kwenye swichi ya nne. Sikulia, nilibweka, na MC alikuwa ameninyooshea maiki, kwa hiyo nilibweka kwenye spika zote, maharusi wakasimama mlangoni wakidhani kuna mtu kang'atwa na mbwa.

Lakini mkosaji si nimempata? Nikaing'oa ile swichi na mwenzake kwa mashine ya hewa ya moto, nikarudisha prosesa, zikabaki njia tano, nikawasha roho mkononi, video ikatokea ukutani, watu wakapiga vigelegele! Nikajiona mwanaume.

Mpaka nilipoitwa kutoa shukrani. Mdomo umevimba kama andazi.

"Wafendwa wakwe, fokeeni fongezi..."

Nikaendelea (ningefanyaje?), Deo amejificha kwenye shela la mkewe, mabega yanatetemeka, baba mkwe ananitazama kwa huruma, na alipokuja kunipa mkono akaninong'oneza, "Pole kijana, ulizaliwa hivyo?"

Juzi dada mmoja kaniletea simu, akaishikilia kwanza. "Fundi, hii usiibusu, mume wangu ana wivu."

Nimeapa: kitu chenye umeme nitakishika, nitakipima, nitakinusa, ila mdomo wangu hakitauona tena, hata mashine iwe ya harusi yangu mwenyewe, ambayo kwa sifa nilizopata siku ile, sioni ikija karibuni.