Mutobe Ulioanza Kuimba

Jumamosi ile niliamuka mbele ya jogoo, nikaoga maji ya baridi, nikafunga kikwembe changu kipya, halafu nikaenda kujiangalia katika kioo cha dirisha, maana kioo chetu cha kweli kilikuwa kimepasuka. Watu wa Bukavu walikuwa wanakuja kuniomba! Miguu yangu ilikataa kusimama pahali pamoja. Maman akanifukuza jikoni.

“Toka hapa, utanivunjia sahani. Bibi arusi gani anarukaruka kama mwana-mbuzi?”

Muchumba wangu alikuwa fundi wa magari katika garage moja ya kule Nguba, Bukavu. Tulijuana siku gari la watu lilipokufa mbele ya shamba letu, hapa Nyangezi, naye akashinda chini ya motere kutwa nzima. Mimi nikawa ninamuletea maji ya kunywa. Nilimuletea mengi sana, kuliko kiu yake.

Shida ilikuwa moja tu, na kila mutu Nyangezi aliijua: papa yangu alikuwa Mormoni.

Alikuwa mulimaji wa kweli: maharagi, mihogo, na migomba iliyoshuka kutoka nyumba yetu mpaka mutoni. Lakini watu hawakumujua kwa migomba. Walimwita Papa Maji. Dini ile aliipata kwa shemeji yake aliyetoka Kinshasa na kitabu cha jalada la bluu, na tangu abatizwe hakugusa tena pombe, wala tumbako, wala chai, wala kahawa. Kahawa yenyewe aliing’oa shambani, muti kwa muti, majirani wamesimama njiani wanamucheka. Mahali pake akapanda maharagi, huku akiimba. Siku ya Mungu alivaa shati nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Kravate ya shingoni hapana, maana wakati ule wa Zaïre kravate ilikatazwa, na papa alisema sheria ya inchi nayo ni ya kufuata. Familia chache tulikutana katika salon ya nyumba yetu tukaimba na kusali. Siku hiyo jembe lilipumuzika nyuma ya mulango. Hata mukungu wa ndizi ungeanguka, ungelala pale chini mpaka Jumatatu.

Sasa kwetu Bushi, binti haolewi bila kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Anashika kibuyu mbele ya watu wote, anavuta kidogo na murija, halafu anamupa bwana. Bwana akikunywa, maneno yamekwisha. Bila hiyo, hata ng’ombe zikiwa zimeingia zizini, wazee watasema huyu mutoto hajatoka kwao.

“Desturi inataka kibuyu,” papa alisema. “Nitawapa kibuyu. Ndani nitatia mutobe.”

Mutobe ni maji ya ndizi yaliyokamuliwa leo, matamu, hayajalala. Yakilala yanachachuka, na mwisho yanakuwa kasiksi yenyewe. Papa alikuwa amevundika ndizi zake shimoni, na asubuhi ile akazikamua na majani katika mutumbwi wa muti, jasho linamutoka, wimbo wa kanisa unamutoka. Maman akaazima kibuyu kikubwa kwa jirani, akatia mutobe ndani, maana vyetu papa alishavigeuza vya kuwekea mbegu.

Kiisha mvua ikanyesha. Oh, ile mvua! Tulingojea mpaka kuku wakalala. Hakuna mutu. Nikakunja kikwembe changu, nikalia ndani yake. Wameogopa Papa Maji, nilijiambia. Wamegeukia njiani.

Kesho yake, Siku ya Mungu, tulikuwa tungali tunaimba katika salon tuliposikia honi. Niliruka, nikakanyaga maman mguu!

Walikuwa wawili katika pickup yenye matope mpaka juu: muchumba wangu, na tonton yake, ndugu ya mama yake, mwenye pickup, mwenye tumbo, mwenye kusema. Abacost yake, lile koti la Zaïre lisilotaka kravate, ilikuwa na madoa kama chui.

“Tumelala mu matope kama nguruwe!” tonton alipiga kelele. “Muzee, koo imekauka. Kile kibuyu iko wapi?”

Maman akakileta. Mbele hajakitua chini, wote tukasikia: shhhh. Povu jeupe likapanda mudomoni mwa kibuyu. Kibuyu cha jirani, tangu kizaliwe, hakikujua kitu kingine ila kasiksi. Chachu yake ya zamani ilikuwa imelala mule ndani, na mutobe wetu ukaiamusha.

Tonton akainamisha sikio. “Inaimba! Wee Papa Maji, kumbe uko mutu mukubwa! Ulikuwa unatuficha!”

Papa akakaribia, akanusa. Halafu akaniangalia. Nilijua namna alivyonipenda, na nilijua kile atakachofanya. Akabeba kibuyu kwa mikono miwili, akatoka nacho nje, akamwanga yote kwenye shina la mugomba, polepole.

“Citoyen!” tonton akalia. “Unamwanga bukwe, arusi yenyewe!”

“Unisamehe, muzee mwenzangu. Ile siwezi kuitia mu mukono ya mutoto wangu. Kungali ndizi mu shimo. Kesho asubui nitakukamulia ingine.”

“Na leo?”

“Leo ni Siku ya Mungu. Sikamui.”

“Mutu hakunywi, tena hakamui! Sasa anafanyaka nini?”

“Anaimbaka,” maman akajibu.

Tulicheka wote, ila tonton. Akafunga vifungo vya abacost. “Mimi kesho niko na safari. Tunarudi leo. Mambo ya huyu binti tutaiangalia mwaka ingine.”

Mwaka mwingine! Kikwembe kikanilegea kiunoni. Nikamuangalia muchumba wangu, aseme neno. Yeye akasimama, akatoka nje, eti anaenda kuangalia mafuta ya motere.

Tonton alipogeuza ufunguo, pickup ikakohoa, kr-kr-kr, ikanyamaza. Akarudilia. Kr-kr-kr.

“Tonton, naona ni matope iliingia,” muchumba akasema, macho chini. “Itakauka mpaka kesho.”

Basi wakabaki! Tonton akala maharagi sahani mbili, akalala kidogo katika kiti, na saa ya kusali jioni akaimba pamoja nasi kwa sauti kubwa, maneno hata moja hayajui.

Jumatatu asubuhi nilipotoka kisimani na ndoo kichwani, nikamukuta muchumba wangu amesimama mbele ya papa, kando ya shimo la ndizi. Katika kiganja alishika kitu kidogo cheusi, kama kifuniko cha chupa.

“Papa, gari haikuharibika. Ni mimi nilitoa hii kidude. Sitaki kukunywa kibuyu yako juu ya uongo.”

Nikasimama na ndoo yangu. Imekwisha, nilifikiri. Mutu aliyemwanga kibuyu kizima kwa sababu ya povu, mudanganyifu atamufanya nini?

Papa akakichukua kile kitu, akakigeuza-geuza. “Ulifanya kazi Siku ya Mungu.”

“Ndiyo, papa.”

“Tena ukadanganya.”

“Ndiyo, papa.”

Nikaona tumbo la papa linaanza kutikisika. Akacheka, akacheka mpaka akakaa chini juu ya majani ya migomba, na shati lake la kazi likaloa machozi.

“Mukwe,” akasema, akimurudishia kidude chake, “kunja mikono ya shati. Utakamua weye.”

Mukwe! Tonton alikuwa angali analala, murija ulikuwa mukavu, na papa alishasema mukwe! Nilimwanga maji yote ya ndoo juu ya miguu yangu.

Tonton alipoamuka, akakuta mpwa wake anahangaika katika mutumbwi. “Munakamua kama bazungu!” Akavua abacost, akamusukuma, akakamua yeye mwenyewe. Mutobe ukatoka wa dhahabu. Maman akautia katika kibuyu chetu cha mbegu, kilichosafishwa mara na mara tena. Nikavuta kidogo, nikamupa bwana wangu. Mikono yake ilinuka ndizi na mafuta ya gari. Akakunywa mpaka murija ukapiga kelele.

Tonton naye akaonja. “Iko tamu. Inakosa kitu moja, lakini iko tamu.”

Muchumba akaenda kwanza kwenye motere, dakika kidogo tu. Kiisha tonton akapanda, akageuza ufunguo. Vuuu! Mara moja. Tonton akatoa kichwa dirishani, ameshangaa.

“Muzee, ile maombi yenu ya jana iko na nguvu!”

Papa, ambaye hawezi kusema uongo, akamuangalia muchumba wangu.

“Uliza mukwe wangu,” akasema.