Barua Iliyolala Kwenye Mkebe wa Majani Chai

Mliponiuliza kwa nini nililia vile kwenye mazishi ya Mwalimu Kirema, mtu wa Meru, Mkristo, asiye na undugu wowote nami, niliwajibu kwamba ni vumbi. Nilidanganya. Nililia kwa aibu, na wengine wenu mlikuwepo sokoni siku ile mkaiona aibu yenyewe kwa macho, lakini hamkujua ilianzia wapi.

Ilianzia kwenye barua. Mjukuu wangu Halima, niliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa amepita mtihani wa kidato cha sita, na katika mtaa wetu pale Bulla Pesa hakuna msichana aliyekuwa amefika hapo. Mwalimu ndiye aliyemfikisha. Kila Jumamosi alikusanya watoto wa watu kama sisi, wauza maziwa na wachunga mbuzi, akawasomesha bure, akawaambia chuo kikuu hakikujengewa watoto wa wakubwa peke yao. Basi akanipa barua hapo sokoni, Halima akiwa Garbatulla kwa wajomba zake, akasema, "Mama, mpe akirudi. Asichelewe."

Ningempa tu, yangeisha. Lakini wakati huo nilikuwa nimemaliza gumbaru (ile shule ya wazee, tulibanwa jioni kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu), nikajiona msomi, nikaifungua palepale. Ilikuwa Kiingereza. Nilitambua maneno matatu: kambi, sare, buti.

Mnajua mume wangu Dabaso alichukuliwa wakati wa vita vya shifta na watu wenye sare na buti, kwenye lori la kijani, na mpaka leo sijaonyeshwa kaburi lake. Nikaikunja ile barua, na nyumbani nikaizika ndani ya mkebe wa majani chai. (Na niseme yote, maana nimechoka kuficha: haikuwa hofu peke yake. Halima ndiye aliyekuwa akinibebea maziwa.) Aliporudi akauliza kama kuna habari, nikasema bado. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi nilimwambia bado, huku nikimpikia chai kutoka mkebe uleule, mimi mwenyewe, asije akachovya mkono.

Wiki mbili baadaye tuko sokoni, tukaona lori la kijani limesimama, vijana watatu wa Mwalimu wamekaa juu na masanduku yao, na Mwalimu anatujia mbio na koti lake jeusi la kila siku.

"Halima! Sanduku lako liko wapi? Dereva anaondoka!"

Halima akaduwaa. Mimi niliona lori tu. Nikamrukia Mwalimu, nikamkamata koti, nikatoa ukelele ambao nadhani ulikuwa wa Dabaso, kwa sababu siku alipochukuliwa sikuthubutu kuutoa. "Anauza watoto! Anawauza watoto wetu kwa askari!" Wanawake wakaacha maziwa wakatuzunguka, dumu langu likapinduka, muuza miraa mmoja akacheka, "Akko, bibi yetu, mwachilie, huyo hata mbuzi hajui kuuza!" na mimi, bibi mzima, nikazidi kuvuta mpaka koti likapasuka kutoka mfukoni hadi kwapani. Dereva alipoona ghasia akawasha injini akaenda zake.

Hapo Mwalimu akauliza polepole, "Mama, ile barua niliyokupa iko wapi?"

Halima akanigeukia. "Akko, barua gani?"

Nikaenda nyumbani, watu wakinifuata kama wanaofuata jeneza, nikaitoa barua ikidondosha majani chai. Mwalimu akaisoma kwa Kiswahili, kila mtu akisikia: wote wanaoingia chuo kikuu, wavulana kwa wasichana, watakaa kwanza kwenye kambi ya vijana ya serikali miezi mitatu, wafunzwe kazi na nidhamu, kisha waende masomoni. Asiyefika kufikia kesho jioni, nafasi yake imepotea.

Kesho. Na lori limeshaondoka.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alikwenda akaomba lori la mbuzi lililokuwa likielekea Nairobi, akapanda na Halima huko nyuma katikati ya mbuzi, koti likipepea ubavuni. Nilimrushia Halima blanketi langu. Alilidaka, lakini hakunitazama.

Siku ya tatu Mwalimu akarudi, ananuka beberu. "Amepokelewa," akasema. "Tulikuta lango limefungwa, nikamsihi mlinzi mpaka akachoka."

Nikamwomba koti nilishone. Sikuwa na uzi mweusi, nikatumia mweupe, na sindano ya magunia. Akalivaa, akashukuru. Mwaka mzima Halima alimwandikia Mwalimu, si mimi, na Mwalimu alizileta barua hizo sokoni akanisomea hapo kwenye madumu, hata pale ambapo hapakuwa na salamu zangu. Leo Halima ni mwalimu, na mimi alinisamehe, lakini ilichukua muda, na ilistahili kuchukua muda.

Siku ya mazishi mjane alinionyesha lile koti. Uzi mweupe bado upo. Nikajaribu kuingiza mkono mfukoni, ukagoma. Kumbe niliushona mfuko ukafungika, na miaka yote hiyo, hata wakati wa baridi ya Julai, hakuwahi kuniambia.

Barua ya mtu sitaifungua tena. Na nikiogopa, nitauliza. Siku ile nilipoifungua, Mwalimu hakuwa ameenda mbali. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, ananunua maziwa.