Chumba cha Chaki

Mume wangu ni fundi seremala, na kitu asichokipima hakiamini. Siku aliyonioa alipima mlango kabla sijaingia, eti kabati langu lisije likakwama. Nilicheka sana. Laiti ningejua.

Mwezi uliopita binti yetu anayefanya kazi ng'ambo alinipa zawadi: siku saba kwenye meli ya watalii, kisiwa hadi kisiwa. Watu wawili, chumba kimoja. "Wewe na yeyote umtakaye, mama," aliniambia. "Ijumaa jioni nitapiga, unitajie jina." Moyo wangu ulikwishajibu: mdogo wangu. Tangu tuolewe, mimi huku na yeye kule, hatujalala chumba kimoja tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nilitaka hilo, basi. Visiwa vingekuwa nyongeza tu.

Kosa langu ni kukawia kusema. Wiki hiyo hiyo fundi akapiga picha za pasipoti, akachomwa sindano ya homa ya manjano, akanunua vidonge vya kichefuchefu. Hakuniuliza naenda na nani. Mtu akishajijibu mwenyewe, utamwambia nini?

Kisha akaona vipimo vya chumba kwenye karatasi za safari. Lo! Akasogeza makochi, akatoa chaki, akakichora chote sakafuni pale sebuleni: kitanda, choo, na mlango wa kupita kwa ubavu. Dirisha hakuna. Nilipolalamika akasema kwani nataka kutazama nini, na yeye si atakuwepo? Akacheka peke yake.

Basi ikawa ndiyo maisha. Godoro ndani ya chaki, sanduku ndani ya chaki, eti tunazoea. Nikikanyaga mstari, ananikoholea. Alitoa gauni langu la maua sandukuni akaweka gundi ya mbao. Gundi, jamani! Eti vitanda vya meli huenda vikalegea. Mdogo wangu akipiga simu nilimjibu kwa mkato, maana ukuta wa chaki hauzuii sauti.

Nilikasirika, sifichi. Miaka thelathini na moja nakula kwenye meza aliyoipima yeye, nalala kitanda alichokipima yeye. Siku saba tu zingempunguzia nini? Nikaapa kwamba Ijumaa nitasema, liwalo na liwe.

Ijumaa jioni tulikuwa tumekaa kwenye godoro, yeye akifunga sabuni kwenye mifuko. Simu yangu ikalia jikoni. Jikoni ni hatua mbili tu kutoka nilipokaa, ng'ambo ya ule mstari. Nikainuka, jina la mdogo wangu limejaa mdomoni.

Nikazunguka kitanda. Nikapita kando ya choo. Nikafika penye mlango, nikajigeuza ubavu, na mkono wangu ukanyooka kushika kitasa ambacho hakipo.

Nyuma yangu fundi akasema kwa upole, amefurahi kweli, "Unaona, mke wangu? Umeshazoea."

Nilisimama pale, mkono hewani, na simu inalia. Nilipoipokea binti alikuwa na haraka, akataka jina tu.

"Baba yako," nikasema.