Mashine ya Kukereza Niliyoinunua Pasua

Wiki iliyopita nilikwenda Pasua kuangalia mashine ya kukereza chuma, kuukuu lakini nzima. Mwenye nayo, mjane wa fundi, alifunua turubai akaniuliza, "Unamnunulia mumeo?"

"Hapana, mama. Ni yangu. Nitaifunga nyumbani, Shirimatunda."

Akacheka, akanipa mkono. Nilipoiwasha, harufu ya oili iliyopata moto ikanipanda puani. Basi ndugu yangu, nikawa kijijini kwetu Mwika tena, msichana wa miaka kumi.

Babu yangu alikuwa mkerezaji. Karakana yake ilikuwa kihambani, shamba la nyumbani kwetu, kati ya migomba na zizi la ng'ombe. Bibi alituletea kiburu humo humo, tukala tumekaa juu ya vyuma. "Chuma hakipendi haraka," babu alizoea kusema, mdomo umejaa ndizi na maharage.

Msimu mmoja wa kahawa, jirani alikuja mbio asubuhi. Mhimili wa mashine yake ya kumenyea kahawa ulikuwa umekatika, na kahawa mbivu imejaa magunia. Ikikaa tu, inachacha. Babu alikuwa na kipande kimoja tu cha chuma kinachofaa, na macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Akanipa kipimo. "Nisomee, mjukuu wangu."

Nilisoma kwa sauti, yeye akakata. Mara nikakitazama kipimo tena.

"Babu, simamisha! Nimesoma vibaya."

Akazima. Jirani akashika kichwa. Babu akapapasa chuma kwa kidole gumba, polepole, kisha akapumua. "Bado kinene. Umewahi kusema. Haya, soma upya."

Hakunipokonya kipimo. Mpaka leo sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuniamini hivyo. Alasiri kahawa ikamenywa, na jirani akatuletea ndizi mkungu mzima.

Babu alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Niliporudi likizo nikakuta sakafu tupu yenye matundu manne ya bolti; baba wadogo walikuwa wameiuza mashine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bibi alikuwa ameanika maharage pale pale. "Hawakuniuliza," aliniambia, akiendelea kuyageuza.

Kahawa ya jirani imeng'olewa, pamejengwa nyumba. Bibi naye ametangulia. Jana mafundi walipomaliza kuifunga mashine yangu, niliweka kiti mlangoni, mahali ambapo bibi angekaa, nikaanza kazi.