Mshono wa Kibuyu cha Magesa

Katika utoto wangu, kwetu Butiama, kibuyu cha maziwa cha mwenye nyumba hakikutupwa akiwa hai. Kikitolewa nje, hilo ndilo lilikuwa tangazo la kifo chake. Na kama alikuwa safarini, watu waliamini kwamba litakalokipata kibuyu litampata na yeye.

Baba yangu, Magesa, alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, na kwa muda mrefu hatukusikia habari zake. Asubuhi moja ndama alikipiga teke kibuyu chake, kikapasuka kutoka mdomoni hadi tumboni.

Baba mdogo, Maiga, alifika kabla maziwa hayajakauka sakafuni. Kaka yake akihesabiwa amekufa, yeye angemrithi mama yangu, Nyangeta, pamoja na ng'ombe. Mama hakumtaka.

"Mama, kaka ameshatuaga," Maiga alimwambia bibi yangu, Nyabura, aliyewazaa wote wawili. "Hicho kitoe nje."

"Labda amekuaga wewe. Mimi hajaniaga."

Bibi alitia msumari motoni, akatoboa vitundu pande zote mbili za ufa, akaushona kwa mshipa wa ng'ombe na kuuziba kwa nta. Mama alikuwa amekishikilia kibuyu magotini. Akaomba mshono upakwe masizi usionekane.

"Wauone," bibi akasema.

Jioni Maiga alikuja na wazee. Bibi alijaza maziwa, akakitundika kibuyu mbele yao, nasi sote tukakodolea macho sakafu. Halikudondoka hata tone. Ndipo akammiminia Maiga wa kwanza.

"Kunywa, mwanangu. Ni maziwa ya kaka yako."

"Vya kushonwa vinavujaga. Kesho mtaona."

"Basi kesho njoo na kikombe."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa, na shauri likaishia hapo.

Baba alirudi wakati wa kuvuna mtama, amekonda, na kovu refu la panga mguuni, limeshonwa. Bibi alilitazama kovu, kisha akakitazama kibuyu. Mama alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Siku hizi mjukuu wangu, Nyasinde, ana karakana Musoma. Anatengeneza taa za vibuyu. Vilivyopasuka huvishona kwa waya wa shaba, waziwazi, na hivyo ndivyo vinavyogombewa. Mwalimu mmoja kutoka Bunda alikataa kizima akachukua cha mshono. "Hiki kuna mtu alikataa kukiacha," alisema.

Mimi nilisomeshwa na wamisionari, nikafundishwa kwamba kibuyu hakijui aliye safarini. Nakubali, ingawa lile kovu sijalipatia jibu. Ninachojua kwa hakika ni kwamba wazee wale waliliacha shauri la Maiga mbele ya kazi ya mikono ya Nyabura, na kwamba Nyangeta, mama yangu, alizeeka akiwa mke wa Magesa.