Tulipongoja Uvimbe Ushuke

Mume wangu alianguka kutoka juu ya trela ya miwa huko Muhoroni, akatua kwa mgongo. Wenzake waliniambia alikuwa bado anasogeza vidole vya miguu walipomwokota. Tulipomfikisha wodini Kisumu, vilikuwa vimetulia tuli.

Nikamuuliza daktari, "Kama alikuwa akisogeza, ni nini kimemharibu njiani?"

Daktari alionekana mchovu kama mimi. "Mama, mwili ukiumia hutuma askari wake kusafisha. Mkononi ungevimba, ukapona. Lakini ndani ya uti wa mgongo hakuna nafasi. Uvimbe unabana hata sehemu iliyokuwa nzima, na hao askari wanaharibu wakisafisha. Pengine na kubebwa vibaya kumechangia. Siwezi kujua."

Wakampasua, tukaambiwa tungoje uvimbe ushuke.

Mama mkwe akaja kutoka Ahero na mafuta ya kumkanda. "Mwanangu amevimba, nyinyi mnamwangalia tu!" Nikamshika mkono, nikamwambia kukanda kutamuumiza zaidi. Alilia, kisha akaomba maji, akamwosha mwanawe miguu. Mume wangu alikuwa akitazama dari. Hakujua kama anaoshwa.

Uvimbe ulishuka. Hisia zilirudi mapajani, zikaishia hapo. Tuliporudi kliniki baada ya kuruhusiwa, daktari alimwambia waziwazi kwamba hatatembea tena. Mume wangu akamshukuru. Lakini nyumbani, kila mgeni alisikia yaleyale: "Uvimbe haujaisha. Ukiisha, narudi kazini." Wageni walinigeukia mimi, nami niliwamiminia chai. Nilikuwa nimeshinda nikimgeuza asipate vidonda, nikimwaga mkojo, nikifua mashuka. Nguvu za kubishana ningezitoa wapi? Kiti cha magurudumu tulichopewa na watu wa kanisa kilikaa nyuma ya kochi, kimekunjwa. Hakutaka kukiona.

Asubuhi moja nikimwinua, kiuno changu kilikataa. Nikajikuta nimeketi sakafuni, siwezi kusimama, naye amelala nusu kitandani nusu nje. Nilisikia tu trekta zikipita barabarani.

"Mke wangu," akasema mwishowe, "ita fundi apanue mlango. Hicho kiti hakitapita hapo."

Fundi alikuja baada ya mvua kukatika, akang'oa fremu, akabomoa ukuta kidogo. Vumbi likatua kwenye sufuria, kwenye kitanda, kila mahali. Nilipomaliza kufagia, mume wangu alikuwa uani juani kwenye kile kiti, ameuliza mara mbili kama uji umebaki.

Ulikuwa umebaki kidogo. Nikaenda kuupasha moto.