Jina Chini ya Kadi

Binamu yangu alinipigia simu Ijumaa mchana, sauti imelainika kama ya mtu anayekuja kuomba chumvi, na papo hapo nikajua kuna kitu kakiharibu. Kwa miaka miwili hakuwa amenipigia ila sikukuu za Idi.

"Mtani," akasema, "ile programu yetu ya zahanati imegoma. Nimeweka toleo jipya la ile zana ya kutengenezea programu, sasa mradi wote umekuwa mwekundu kwa makosa. Na Jumatatu wakubwa wanakuja kuitazama."

Lile neno "yetu" nililisikia vizuri, nikaliweka akiba.

Programu haikuwa yetu, ilikuwa yangu. Niliiandika mwaka niliomaliza chuo, nilipokaa bila kazi nyumbani kwa shangazi kule Mwera, kwenye kompyuta ya zahanati ambayo hadi siku hiyo ilikuwa ya kuchezea karata. Kazi yake ni ndogo: inatunza orodha ya wagonjwa wa presha na sukari, inahesabu siku ya kila mmoja kurudi kliniki, halafu inamchapia kadi. Nilipopata kazi Tanga mjini, nikamwachia binamu aiangalie, maana yeye ndiye karani wa masjala pale. Nilimfundisha kwa wiki mbili na nilimfundisha kwa moyo.

Huyu binamu ni mwana wa shangazi, na shangazi ndiye aliyenilea tangu darasa la pili, baba na mama walipofariki. Kwa hiyo ni ndugu yangu wa nyumba moja, na kwa desturi ni mtani wangu. Naweza kumsema lolote mbele za watu na hana ruhusa ya kununa. Siku ile niliishukuru sana desturi hiyo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Mwera. Shangazi alikuwa barazani juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama? Hebu msaidie mwenzio, siku ya tatu hii hali akashiba."

Kompyuta ililetwa barazani kutoka zahanati, ikawekwa juu ya meza ya kulia. Nikafungua mradi, na kabla sijafika hata kwenye kosa la kwanza nikaona kitu kilichonisimamisha. Katika kazi yetu, kila faili huanza na mstari unaosema faili hilo ni la ukoo gani. Wenye kampuni huandika jina la kampuni. Mimi sikuwa na kampuni, nikaandika jina langu na la baba. Mgonjwa halioni, daktari halioni. Ni kama alama ya chaki ambayo fundi cherehani huiweka upande wa ndani wa kitambaa. Sasa jina langu halikuwepo. Faili baada ya faili, pale pote lilipokuwa, lilikaa jina la binamu.

Damu ilinipanda. Nilitamani nimvurumishie ile kompyuta kichwani. Badala yake nikaomba chai ya mchaichai, nikaketi vizuri.

Ugonjwa niliujua ndani ya dakika tano. Kulikuwa na magonjwa mawili. Wa kwanza ulikuwa wa kawaida: toleo jipya la zana lilikuwa limeugeuza mradi wa zamani ufanane na lenyewe, na msingi ambao programu yangu ilijengwa juu yake halikuja nao, kwa hiyo makosa yakamwagika kurasa na kurasa. Wa pili ulikuwa wa mkono wake. Sehemu ya kuchapa kadi niliitengeneza peke yake, nikaifunga, haihaririki tena, na jina langu limo ndani. Alipoiamuru kompyuta ilitafute jina langu kila mahali na kuweka lake, ilitii kila mahali isipokuwa humo. Programu ikawa inaiita ile sehemu kwa jina la binamu, na yenyewe inaitikia langu tu. Yote mawili aliyafanya siku moja, akashindwa kujua lipi ni kosa la zana na lipi ni lake.

Ningeweza kumaliza kabla ya adhuhuri. Sikutaka. Nilitaka atoe jasho, tena mbele ya mama yake.

Nilimwambia asome kila kosa kwa sauti, kwa Kiingereza kile kigumu, na aliandike kwenye daftari. Akasoma. Mkewe akatoka jikoni kusikiliza, majirani wawili waliokuja kuazima ungo wakakaa. Akikosea neno, namrudisha mwanzo. "Mtani, umesoma wapi wewe, au shule ulikuwa unapita tu kwenda kuvua kaa?" Watu wakacheka, naye akacheka, maana afanyeje? Nikamtuma kilimani kunakoshika mtandao akashushe ule msingi wa zamani na kuuleta kwa flashi. Akaleta. Nikamwambia toleo silo, arudi. Lilikuwa ndilo. Alirudi mara ya pili shati limemganda mgongoni, na nilifurahi, siwezi kudanganya.

Kisha nikafanya kazi. Nikaweka nakala ya mradi pembeni, nikaurudisha kwenye msingi wake wa zamani, nikabadilisha vipande viwili ambavyo zana mpya haivijui tena. Makosa yaliyokuwa zaidi ya themanini yakapungua, yakapungua, yakabaki kumi na moja. Yote kumi na moja yalisema neno moja: chenye jina hili hakipo.

Nikageuza kiti nikamtazama. Fundi yeyote, awe wa redio au wa pikipiki, swali lake ni hilo hilo.

"Mtani, kabla haijaharibika, uligusa nini?"

"Toleo jipya tu."

"Na nini tena?"

"Basi, hilo tu."

"Basi haiponi. Jumatatu wageni wako waonyeshe daftari."

Akamtazama mama yake. Kukuna nazi kulikuwa kumesimama. Nikauliza tena, safari hii kwa sauti ya utani, ile ya kuvuta watu: "Jamani, fundi hawezi kutibu asichoambiwa. Semeni naye, aseme alichogusa." Jirani mmoja akamwambia, "Sema baba, tukale."

Akasema. Alisema akiwa ameinamia vidole vyake kwamba alitoa jina langu na kuweka lake, kwa sababu wakubwa alikuwa ameshawaambia programu kaitengeneza yeye, na wanataka kumpandisha awe msimamizi wa kumbukumbu wa zahanati zao zote. Majirani waliguna "loh!" ndefu. Mimi nilikuwa nimeiandaa kauli yangu tangu nilipoliona jina lake kwenye faili, kauli yenye meno, na nilifungua mdomo kuitoa.

"Mimi ndiye niliyemwambia," akasema shangazi.

Hakunyanyua hata uso. Alikuwa anakung'uta machicha.

"Wewe una kazi yako, una mshahara wako, uko mjini. Huyu ana watoto wawili na masjala. Nikamwambia toa hilo jina, weka lako, mwenzio halimpunguzii kitu. Nimekosa nini? Nimekulea bila kukuhesabia. Nawe leo umemkalisha mwanangu mbele za watu kama mwizi wa kuku."

Mwanangu, alimwita yeye. Mimi asubuhi aliniita hivyo hivyo, lakini sasa nilisikia lipi lilikuwa la kweli. Niliumia mahali ambapo binamu, na hila zake zote, hakuwahi kufika. Kauli yangu yenye meno haikuwa na wa kuumwa.

Nikageukia kompyuta. Nikaliondoa jina lake, nikalirudisha langu, faili kwa faili, kwa mkono, ingawa kompyuta ingefanya kwa kubonyeza mara moja. Kumi na moja yakawa sifuri. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka yote. Nikaifungua sehemu ya kadi kwa nakala yangu ya asili niliyokuja nayo, nikaongeza mstari chini ya kadi ya mgonjwa: imetengenezwa na, kisha jina langu na la baba, herufi nzito. Nikafunga na sehemu hiyo isiharirike. Chakula sikula.

Jumatatu wakubwa waliona kadi. Binamu hakupandishwa, lakini hakufukuzwa pia, na yeye yameshamtoka moyoni. Ananipigia, ananiita fundi, anacheka.

Shangazi ni mgonjwa wa presha. Kila mwezi anapokea kadi. Nilipokwenda kumsalimia juzi aliitikia shikamoo yangu vizuri, akanipikia mihogo ya nazi, hatukugusia kitu. Alipokwenda kuchota maji nikafungua kopo la maziwa anamoweka kadi zake. Zilikuwa sita, zimepangwa. Kila moja ilikuwa fupi kuliko inavyotakiwa. Mstari wa chini ulikuwa umekatwa kwa mkasi, umenyooka, bila haraka.

Nilizirudisha kama zilivyokuwa. Nikatembea hadi zahanati, nikamwomba binamu kiti chake kwa nusu saa, nikaifungua ile sehemu kwa nakala yangu ya asili. Jina nililitoa chini nikalipeleka juu, mstari mmoja na tarehe ya kurudi, limebanana nayo kiasi kwamba mkasi haupiti katikati. Sasa akilikata, anakata na siku yake ya kufuata dawa.

Binamu alisimama nyuma yangu akiangalia. Akaniuliza kama hiyo si dhambi. Nikamwambia achape.